Kuwania Kiti cha Mwakilishi Wadi Mashambani

Kati ya viongozi sita ambao Mkenya huwachagua siku ya uchaguzi mkuu, mwakilishi wadi ndiye anayeishi karibu zaidi na mlango wa mpiga kura. Magazeti humtaja mwisho, lakini barabara ya kijiji ikikatika kwa mvua au zahanati ikimaliza dawa, yeye ndiye hupigiwa simu kwanza. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, kila moja na bunge lake, na nchi nzima imegawanywa katika wadi 1,450 zinazotoa mjumbe mmoja kila moja. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, kwa kuwa Katiba imeuweka Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Mtu wa mashambani anayekifikiria kiti hiki kwa dhati anahitaji muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani, na sehemu kubwa ya muda huo hupita kabla bango lolote halijabandikwa.

Hesabu ndiyo ya kuanzia. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura waliosajiliwa milioni 22.1, na vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000. Ukigawanya kwa wadi, kila moja inapata wastani wa wapiga kura kama 15,000 na vituo 32 hivi. Waliojitokeza nchini mwaka huo walikuwa karibu asilimia 65, kwa hiyo kura zilizotumbukizwa katika wadi ya wastani hazikufika 10,000. Wagombea watano au sita wakizigawana, kiti kinaweza kwenda kwa kura elfu tatu, pengine pungufu. Hiyo ni idadi ambayo mtu mmoja mwenye miguu mizuri na miaka miwili mkononi anaweza kuifikia nyumba kwa nyumba. Ukubwa huu mdogo ndio unaompa mtu asiye tajiri nafasi halisi, na mwaniaji anayeiga kampeni za ugavana kwa misafara ya magari na vipaza sauti anaitupa nafasi hiyo mwenyewe.

Wastani hauonyeshi umbali, hata hivyo. Nairobi ina wadi 85 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 696. Marsabit ina wadi 20 katika eneo linalokaribia kilomita za mraba 70,000. Katiba inaruhusu idadi ya watu katika maeneo yenye wakazi wachache itofautiane na kiwango cha kitaifa kwa hadi asilimia 40, lakini hata kwa nafuu hiyo wadi ya wafugaji inaweza kuwa na vituo vilivyoachana kwa mwendo wa siku nzima. Agosti pia huangukia kiangazi katika sehemu nyingi za kaskazini, wakati mifugo imehamishwa kufuata malisho na vijana wako nayo mbali. Mpiga kura hupigia pale aliposajiliwa tu. Mgombea wa Turkana au Wajir asiyejua kundi gani la mifugo litakuwa wapi mwezi huo anaweza kuwa na wafuasi wengi na kura chache.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuiandika wadi yote kituo kwa kituo: shule au uwanja kilipo, idadi ya waliosajiliwa, vijiji vinavyopigia hapo, koo zilizopo, siku ya soko, kanisa au msikiti wenye watu wengi, chama cha akina mama kinachokutana kila wiki, na mtu anayesikilizwa akisimama kusema. Matokeo ya uchaguzi uliopita huongezwa hapo. Mawakala wa zamani na ofisi za vyama mara nyingi wamehifadhi nakala za fomu za matokeo, na karatasi hizo zina thamani kuliko maneno ya wapambe wanaodai kwamba eneo fulani lote ni letu. Kila kituo kina watu wasiozidi 700. Anayejua kwamba katika kituo fulani anaweza kupata kura 150, na anajua majina ya watu ishirini watakaomsaidia kuzipata, ameshaanza kampeni ya kweli.

Usajili huenda pamoja na kazi hii. Katika kila kijiji wapo vijana waliofikisha miaka kumi na minane bila kitambulisho, na wengine waliosajiliwa mjini walikokuwa wakifanya vibarua. Tume ya uchaguzi, IEBC, husajili na kuhamisha wapiga kura katika ofisi zake za maeneo bunge mpaka daftari linapofungwa kabla ya uchaguzi. Nauli ya kufika huko ni kikwazo kikubwa mashambani. Mwaniaji anaweza kuhimiza, kueleza utaratibu na kuwaomba wazee wa kijiji wadai usajili wa nyanjani ufike kwao. Kumlipa mtu ili ahame kituo ni jambo jingine kabisa, na sheria hailivumilii.

Kabla ya kuahidi chochote, mwaniaji anapaswa kujua kiti kinaweza nini. Mwakilishi wadi hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti, hukagua kazi ya gavana na mawaziri wake, na husemea wadi yake. Hajengi barabara. Hana mamlaka ya kuajiri muuguzi. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, kilimo na mifugo, maji, barabara za kaunti, masoko, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za sekondari, polisi na barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, na hazina ya maendeleo ya maeneo bunge si ya kaunti. Mgombea anayesimama uwanjani kuahidi madarasa ya sekondari ama hajui anachokiomba ama anajua na anadanganya. Wapiga kura wa mashambani hawajasahau ahadi za 2013, 2017 na 2022. Wengi wao wanaweza kuonyesha kwa kidole msingi wa soko ulioachwa kwenye magugu.

Njia bora ya kujifunza ni kuifuata bajeti ya kaunti mwaka mzima kabla ya kuwania. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha ifikapo mwisho wa Februari, na makadirio ifikapo tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze Julai. Katika hatua hizi sheria inalazimisha wananchi washirikishwe. Vikao hivyo mara nyingi hufanyika katika ukumbi ulio nusu mtupu, na mwananchi anayefika na karatasi yenye maswali hukumbukwa. Akiuliza kwa nini kisima cha kijiji kimeandikwa katika bajeti mara mbili na hakijachimbwa, kisha akarudi barazani kuwaeleza majirani alichojibiwa, amefanya kazi ya mwakilishi kabla ya kupewa kiti. Hakuna tangazo la redio linaloweza kununua heshima ya namna hiyo.

Sifa za kisheria ni chache, lakini zinaangusha watu kila mara. Mgombea lazima awe mpiga kura aliyesajiliwa na raia kwa angalau miaka kumi kabla ya uchaguzi. Aliyefilisika bila kuondolewa hali hiyo hastahili, wala anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi. Mtumishi wa umma, akiwemo mwalimu wa serikali na muuguzi wa kaunti, anapaswa kupata ushauri wa wakili mapema kuhusu tarehe ya kujiuzulu, maana Sheria ya Uchaguzi inataja miezi sita kabla ya siku ya kura na kuchelewa kidogo kunaweza kuzua kesi. Sharti la shahada ya chuo kikuu kwa wawakilishi wadi lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2021. Mwakilishi wadi ni afisa wa dola, na Katiba inamzuia afisa wa dola kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya aliyerudi kutoka Marekani au Uingereza na pasipoti ya huko hana budi kulimaliza suala hilo kabla ya kuanza kuomba kura.

Ada ya uteuzi katika tume ni ndogo, shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ada za vyama huwa juu zaidi na hutofautiana. Jina litakaloandikwa kwenye karatasi ya kura lifanane na lile watu wanalomwitia. Mtu anayejulikana wadi nzima kwa jina la utani hupoteza kura akiandikwa kwa majina ya kitambulisho peke yake, na taratibu za kuliongeza jina hilo rasmi huchukua muda.

Uamuzi mgumu zaidi wa mapema ni chama. Katika maeneo mengi ya Kenya kuna chama kimoja kinachotawala hisia za watu, na tiketi yake ni nusu ya safari. Basi pambano halisi huwa mchujo, na mchujo unaweza kuwa wa wanachama kupiga kura, wa wajumbe au wa makubaliano ya viongozi. Mwaniaji asome katiba ya chama na kanuni za uteuzi mwenyewe, asitegemee aliyoambiwa na mwenyekiti wa tawi. Ahifadhi risiti ya kila ada. Akidhulumiwa, malalamiko huanzia ndani ya chama kisha hufika kwenye jopo la kusuluhisha mizozo ya vyama, na muda wake ni wa siku chache tu. Mtu asiye na karatasi mkononi wakati huo hasikilizwi.

Mgombea huru haombi tiketi ya mtu yeyote, ila analipa kwa jasho. Anahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Ni busara kukusanya sahihi mia mbili zaidi, kwa kuwa zingine zitakuwa na nambari za kitambulisho zilizokosewa au za watu wa wadi jirani. Uanachama nao huhakikishwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yalikuwa yameingizwa katika vyama bila idhini yao. Sahihi zile mia tano zikikusanywa kwa mikono ya mgombea mwenyewe, huwa ziara mia tano za kwanza za kampeni, na kwa sababu hiyo baadhi ya wagombea huru wameanza wakiwa wameitembea wadi zaidi kuliko wenye tiketi.

Kampeni ya mashambani hufuata kalenda ya wenyeji. Wakati wa kupalilia hakuna mtu wa kusikiliza hotuba saa nne asubuhi. Siku ya soko, saa ya kuchota maji, baada ya ibada, jioni kwenye stendi ya bodaboda, siku mifugo inapochanjwa: hapo ndipo watu walipo. Mkutano mkubwa una faida moja, kuonyesha nguvu, na huwa na maana wiki za mwisho tu. Sheria inaruhusu mikutano ya hadhara kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ndani ya kipindi kilichotangazwa, na kampeni hukoma saa 48 kabla ya kura kuanza. Chifu na naibu wake ni watumishi wa serikali na hawaruhusiwi kumpigia mtu debe. Kuwapa taarifa ya mkutano kwa adabu ni sawa. Kuwatumia ni kosa.

Wazee ni jambo la kufikiriwa kwa makini. Mandera imejulikana kwa makubaliano ya koo, ambapo wazee hukaa na kugawana viti kabla ya uchaguzi, na kwingineko mabaraza kama Njuri Ncheke ya Meru yana sauti kubwa. Mwaniaji anayepita bila kuwasalimu wazee huonekana hana malezi, hata na wale ambao wangempigia kura. Lakini mzee hapigi kura ya kijiji kizima, na vijana na akina mama wana hesabu zao. Ukoo mdogo ambao haujawahi kutembelewa na mgombea yeyote unaweza kutoa kura mia tatu zinazoamua kiti. Kushinda kwa kuuchochea ukoo mmoja dhidi ya mwingine ni kosa kisheria, na pia huacha wadi isiyoweza kukaa pamoja kujadili hata mahali pa kuchimba kisima.

Kwa wanawake njia hii bado ina mawe zaidi. Mwaka 2013 walishinda viti 82 vya wadi kwa kura, mwaka 2017 viti 96, na mwaka 2022 viti 115, kati ya 1,450. Idadi inapanda polepole mno. Vikao vya wazee vinawafungia nje, mikutano ya usiku inawahatarisha, na matusi huwalenga wao na ndoa zao. Hata hivyo mwanamke anayejulikana katika vyama vya akiba, kanisani na kwenye kamati za shule huwa tayari ana mtandao ambao mwanamume wa mjini hawezi kuujenga kwa mwaka mmoja. Afaidike nao bila haya. Asikubali kupozwa kwa ahadi ya kuteuliwa kupitia orodha ya chama, ambayo hutolewa kwa watu kumi na kupewa mmoja. Kila kitisho kiandikishwe polisi siku hiyohiyo, hata kama inaonekana hakuna litakalofanyika, kwa sababu nambari ya taarifa itahitajika baadaye.

Pesa ndizo zinazowavunja wengi. Mafuta ya pikipiki, chai ya wasaidizi, mabango, hema na viti, matanga mawili kwa wiki, mchango wa karo, na msururu wa watu langoni kila alfajiri. Mgombea aamue mapema kiasi ambacho familia inaweza kupoteza na bado ikaendelea kula na kusomesha, na mwenzi wake akubali kiasi hicho kwa moyo mmoja. Shamba la familia lisiwekwe rehani. Fedha za mawakala wa siku ya kura zitengwe kwanza, mahali ambapo haziguswi, maana ifikapo Agosti mfuko huwa umekauka na hapo ndipo zinapohitajika kuliko wakati wote. Michango midogo ya marafiki, iliyoandikwa daftarini pamoja na matumizi, inatosha kuendesha kampeni ya miguu, na anayechangia shilingi mia mbili hukilinda kiti kama chake.

Kugawa noti kwa wapiga kura ni hongo chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016, na kosa humgusa mtoaji na mpokeaji. Hata bila sheria, ni matumizi mabaya ya pesa. Mpiga kura wa mashambani hupokea kwa wote kisha akaamua kivyake, na mgombea maskini hawezi kumshinda tajiri katika mchezo huo. Zaidi ya hapo, aliyenunua kura anaingia bungeni akidaiwa, na deni hilo hulipwa kwa zabuni za barabara zisizokamilika. Atakayeombwa pesa langoni ana jibu la heshima: kwamba hana, na kwamba akianza kutoa leo atalazimika kuzirudisha kutoka kwenye dawa za zahanati. Wengine wataondoka wakinung'unika. Badala ya kutoa noti, msibani anaweza kufika mapema, kubeba maji, kuchimba kaburi na wenzake na kukaa mpaka mwisho, na watu huona nani alikuja kuzika na nani alikuja kushika kipaza sauti.

Wiki za mwisho huenda kwa kufundisha namna ya kupiga kura. Mpiga kura hupewa karatasi sita, na mzee asiyesoma hutafuta picha na alama. Alama ya mgombea, hasa mgombea huru, ionyeshwe mara nyingi mpaka watoto waitambue. Watu wa jembe hupata tabu nyingine: vidole vilivyosuguliwa na kazi husomeka vibaya kwenye mashine ya utambuzi. Waelezwe mapema kwamba zipo njia mbadala za kuwatambua na wasikubali kurudi nyumbani. Mgonjwa, mjamzito na mkongwe wapewe nafasi ya mbele, na wasioona au wasiosoma wana haki ya kusaidiwa na mtu wanayemwamini.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na walio kwenye foleni wakati huo hupiga kura. Kisha huanza sehemu ambayo viti vingi vya wadi hupotelea. Kuhesabu huanza na kura za urais, na za wadi hufikiwa usiku, wakati mawakala wana njaa na usingizi. Sheria hukipa chama wakala mmoja kwa wagombea wake wote kituoni, na wakala huyo mara nyingi macho yake yako kwenye urais au ugavana. Mwenye tiketi lazima azungumze na chama mapema ili watu wake wa kuaminika wawe miongoni mwa watakaoteuliwa. Mgombea huru huteua wake mwenyewe. Wakala mzuri ni mkazi wa hapo, anajua kusoma hesabu, hanywi siku hiyo, na ana chakula, maji, tochi na simu yenye chaji.

Matokeo ya wadi huandikwa kwenye Fomu 36A. Wakala alinganishe jumla ya kura halali, zilizokataliwa na zilizotolewa, atie sahihi, achukue nakala yake na kuipiga picha kabla hajatoka chumbani. Akiona kosa anaweza kuomba kura zihesabiwe upya papo hapo, na sheria inaruhusu hilo mara mbili tu. Kukataa kutia sahihi peke yake hakubatilishi matokeo, hivyo aandike sababu zake. Fomu zote hujumlishwa kwenye Fomu 36B katika kituo cha kujumlishia cha eneo bunge, na mgombea anapaswa kuwa na mtu pale mwenye jedwali la vituo vyote, akijaza kila tarakimu inaposomwa. Penye mtandao hafifu, mwendesha bodaboda mwaminifu hupeleka nakala kwa mkono.

Anayeamini kuwa ameibiwa ana siku 28 tangu kutangazwa kwa matokeo kufungua kesi. Kesi za kiti cha wadi husikilizwa na hakimu aliyeteuliwa na Jaji Mkuu, dhamana ya gharama ni shilingi 100,000, na uamuzi hutolewa ndani ya miezi sita. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria pekee, ndani ya siku 30. Wakili atakayeombwa kuichukua kesi ataanza kwa kuzitaka zile nakala za Fomu 36A, kituo kwa kituo.